Mawe ya Kolwezi na Hesabu ya Hewa Ukaa

Kila tani ya malakiti safi, lile jiwe la kijani lililoipa Katanga ya Kongo sifa yake, ina karibu kilo 575 za shaba na karibu kilo 200 za hewa ukaa iliyofungwa ndani ya fuwele. Kwa zaidi ya miaka elfu moja watu wa nchi hii wamelitafuta jiwe hilo kwa ajili ya shaba, na hewa ukaa yake haikuwa na mnunuzi. Leo wanunuzi wapo. Duniani kumeanzishwa biashara ya kulipia kila tani ya hewa ukaa inayoondolewa angani na kugeuzwa jiwe, pale inapokutana na kalsiamu au magnesiamu iliyomo katika miamba. Ukanda wa shaba wa Lualaba, mkoa wenye mji wa Kolwezi, una mamilioni ya tani za mawe yaliyokwisha kusagwa na kulazwa mabondeni, kwa hiyo si ajabu mtu akiutazama na kuona mahali pa kuanzia. Ninachokusudia kuonyesha ni kwamba historia ya mawe ya Kolwezi inatuonya tusifanye haraka. Karbonati ikikutwa ndani ya jiwe, au hata ikionekana kuongezeka, bado haijathibitisha kuwa anga limepunguziwa mzigo. Kinachothibitisha ni hesabu nzima, inayoanza na hewa ambayo mawe yenyewe, asidi na chokaa vimekwisha kuitoa. Wahenga walisema mali bila daftari huisha bila habari, na Lualaba ni mahali ambapo daftari hilo limeandikwa upande mmoja tu.

Tuanze na mawe yenyewe. Tabaka zenye shaba za Kolwezi zilijengeka chini ya bahari ya kina kifupi mamia ya mamilioni ya miaka iliyopita, na sehemu kubwa ya tabaka hizo ni dolomiti, yaani karbonati ya kalsiamu na magnesiamu pamoja. Karibu asilimia 48 ya uzito wa dolomiti ni hewa ukaa. Shaba ilikaa humo kwanza ikiwa imeungana na salfa. Baadaye sana ardhi ilipoinuka, maji ya mvua yenye oksijeni yaliteremka kwenye nyufa, yakaunguza madini ya salfa na kuzaa asidi, nayo asidi ikaila dolomiti. Shaba iliyoyeyuka ilikutana na karbonati majini ikaganda kuwa malakiti. Mwaka 2010 Thierry De Putter, Florias Mees, Sophie Decrée na Stijn Dewaele waliieleza malakiti ya Katanga kuwa alama ya kuhama kwa shaba kulikotokea kwa wingi wakati wa Pliosini, kati ya miaka milioni 5.3 na milioni 2.6 iliyopita, katika miamba iliyotobolewa na maji. Katika mkondo huo wa kale mna somo la kwanza la upimaji. Asidi ilipoila dolomiti, hewa ukaa ya kale ilifunguliwa. Sehemu yake ikashikwa tena na shaba, sehemu ikapotea. Mtu angesimama wakati ule akapima malakiti peke yake, angeona karbonati ikiongezeka mwaka hadi mwaka, na angetangaza kwamba jiwe linameza hewa. Kumbe mwamba kwa ujumla wake ulikuwa unaitoa.

Somo la pili lilikuja na watu. Mafundi wa Kisanga, wa Kiyeke na wa Kilunda walichimba malakiti wakati wa kiangazi, wakaipanga katika tanuru za udongo pamoja na makaa ya miti, wakavuvia mifuo mpaka shaba ikatiririka. Sehemu yake waliimimina katika kalibu za umbo la msalaba. Misalaba hiyo imekutwa makaburini katika bonde la Upemba, kwenye sehemu ya juu ya mto Lualaba, na kwa karne nyingi ilitumika kama fedha na mahari mbali sana na machimbo. Msiri, mtawala wa Garenganze aliyeuawa Bunkeya tarehe 20 Desemba 1891, alijenga sehemu ya nguvu zake juu ya biashara hiyo. Mwaka 1926 Monsinyori Jean-Félix de Hemptinne alichapisha maelezo juu ya hao mafundi walioitwa wala shaba. Moshi wa tanuru zao ulibeba kaboni za aina mbili. Ya makaa ilitoka kwenye miti ya miombo iliyoivuta angani miongo michache tu kabla, na pori likiachwa lichipuke lilirudia kuivuta. Ya malakiti ilikuwa imelala jiweni tangu kabla binadamu hajawako, na hakuna chipukizi la kuirudisha. Kwa kila tani ya shaba iliyotoka kwenye malakiti, jiwe liliachia karibu kilo 346 za hewa ukaa, mbali na ya makaa. Kiasi chao wakati ule kilikuwa kidogo kisichoweza kulidhuru anga. Lakini tofauti kati ya kaboni changa na kaboni kongwe, ambayo leo ndiyo msingi wa kila kipimo cha maana, ilikuwa tayari imo katika moshi wa tanuru ile.

Ukoloni uliuza shaba hiyo hiyo kwa kipimo kingine. Mwanajiolojia Jules Cornet alipita Katanga mwaka 1892 na kueleza utajiri wake. Union Minière du Haut-Katanga ikaundwa mwaka 1906, na tanuru la Lubumbashi likatoa shaba yake ya kwanza mwaka 1911. Mabadiliko yanayohusu hoja yetu yalifika mwaka 1929, kiwanda cha Shituru kule Likasi kilipoanza kuyeyusha madini kwa asidi ya salfa na kuitoa shaba kwa umeme. Njia hii ilifaa mawe ambayo tanuru halikuyapenda. Kolwezi, mji ulioanzishwa mwaka 1937, ukawa kitovu cha madini hayo, na kiwanda cha Luilu kilichofunguliwa mwaka 1960 kikaleta asidi mlangoni pa migodi yenyewe. Asidi haichagui. Ikikutana na malakiti huchukua shaba na kufukuza hewa ukaa; ikikutana na dolomiti hufukuza hewa ukaa bila kumpa mwenye kiwanda chochote. Kila tani ya asidi inayopotelea kwenye karbonati hutoa takriban kilo 449 za hewa ukaa. Asidi iliyochukua shaba huzaliwa upya pale shaba inapong'ang'ania bamba la umeme, ila ile iliyoliwa na dolomiti hugeuka jasi na chumvi ya magnesiamu, isirudi tena. Ndiyo sababu wahandisi waliiogopa dolomiti kuliko kitu kingine, na wakajifunza kuipima.

Nasisitiza jambo hili kwa kuwa husahaulika. Lualaba imepima karbonati zake kwa miongo mingi, ingawa kwa ajili ya fedha na si kwa ajili ya anga. Kiwanda cha kusafishia madini cha Kolwezi kilitenga mawe ya silika na mawe ya dolomiti, kwa sababu kila kundi lilidai njia yake. Mawe ya silika yalieleshwa kwa asidi za mafuta ya mawese, ambayo hunata kwenye malakiti na kuipandisha juu ya povu. Mawese hayo hayo yakiwekwa kwenye jiwe la dolomiti hunata pia kwenye dolomiti na kuipandisha nayo, hivyo mawe hayo yalitiwa kwanza kemikali ya salfa ili malakiti ishikwe peke yake. Baada ya migodi kutaifishwa tarehe 1 Januari 1967 na Gécamines kuirithi Union Minière, kazi hiyo iliendelea chini ya bendera nyingine. Maabara ziliendelea kuuliza kila shehena ya mawe swali lile lile: utakunywa asidi kiasi gani? Jibu la swali hilo, likizidishwa kwa 0.449, linatupa makisio ya tani za hewa ukaa. Anayedai kwamba hesabu ya hewa ukaa ni mzigo mpya uliobebwa kutoka ng'ambo kuja kuwaelemea Wakongo hajatazama kazi ya mafundi wa Luilu.

Sasa tuje kwenye mabaki. Usagaji wa mawe uliacha tope lililolazwa Kingamyambo na katika bonde la mto Musonoi. Mradi wa kuyachakata upya ulipoandaliwa, mabaki hayo yalikadiriwa kuwa takriban tani milioni 113, yenye shaba karibu asilimia 1.5 na kobalti karibu asilimia 0.3. Ukubwa huo unavutia, kwani jiwe lililosagwa lina uso mpana wa kukutana na hewa, na kwingineko mabaki ya namna hii yameonyesha maajabu ya kweli. Katika mgodi wa nikeli wa Mount Keith, Australia, watafiti waliripoti mwaka 2014 kwamba mabaki yanashika karibu tani 40,000 za hewa ukaa kwa mwaka bila kusaidiwa, sawa na takriban asilimia 11 ya hewa chafu ya mgodi wenyewe. Huko Hellisheiði, Iceland, hewa ukaa iliyoyeyushwa majini ilisukumwa ndani ya basalti mwaka 2012, na mwaka 2016 ikaripotiwa kuwa zaidi ya asilimia 95 yake imegeuka jiwe katika muda usiofika miaka miwili. Karibu na kwetu, kampuni ya Octavia Carbon na mwenzake Cella wanalenga miamba ya volkeno ya Bonde la Ufa, upande wa Gilgil nchini Kenya. Kwa nini basi Kolwezi isifuate?

Jibu limo katika aina ya jiwe. Mount Keith na Iceland zina mawe ya silikati, ambamo magnesiamu na kalsiamu hazijaungana na kaboni. Zikifunguliwa zina nafasi ya kuipokea hewa ukaa mpya. Dolomiti ya Kolwezi imekwisha kuijaza nafasi hiyo tangu enzi za bahari ile. Mawe yake yana pia kloriti, silikati yenye magnesiamu, lakini hiyo huachia magnesiamu yake polepole sana. Magnesiamu inayopatikana kwa wingi na kwa wepesi katika maji ya viwanda vya Lualaba ni ile iliyofukuzwa kwenye dolomiti na asidi, au iliyoletwa na viwanda vyenyewe. Hapo ndipo udanganyifu wa hesabu unapoweza kuzaliwa bila mtu yeyote kukusudia uovu. Chukua magnesiamu iliyotoka kwenye dolomiti: asidi ilipoifungua, kipimo kimoja cha hewa ukaa kilikwenda angani. Ili kuitoa majini, kiwanda huongeza chokaa, kwa mfano ile itokanayo na mawe ya Kakontwe karibu na Likasi. Na chokaa hiyo, ilipochomwa, iliachia kipimo cha pili. Sasa magnesiamu imekaa bwawani ikiwa haidroksidi nyeupe, inavuta hewa ukaa na kuwa karbonati. Mpimaji anayefika siku hiyo ataona kipimo kimoja kimeingia na ataandika hati. Daftari kamili litaonyesha viwili vimetoka na kimoja kimerudi, kabla hatujahesabu kuni, dizeli na umeme wa tanuru la chokaa.

Tatizo huvuka hata mipaka ya nchi. Viwanda vingi vya kobalti siku hizi huishusha kobalti kutoka majini kwa kutumia oksidi ya magnesiamu. Oksidi hiyo ikiwa imetokana na kuchoma magnesiti, yaani karbonati ya magnesiamu, kila tani yake iliachia karibu tani 1.09 za hewa ukaa kwenye tanuru lililo nje ya Kongo. Magnesiamu hiyo ikija kushika hewa katika bwawa la Lualaba, faida itaandikwa Kolwezi na hasara itabaki katika nchi nyingine, au isiandikwe popote. Mpaka wa hesabu ukichorwa kuuzunguka mgodi peke yake, kila mgodi duniani unaweza kuonekana mwema.

Wapo watakaosema kwamba sayansi imekwisha kulitatua jambo hili kwa kaboni-14. Kaboni hiyo huzaliwa angani na hupungua nusu kila baada ya takriban miaka 5,730; ikipita miaka 50,000 hivi haibaki ya kupimika. Dolomiti ya Kolwezi na malakiti ya Pliosini hazina kaboni-14 hata chembe, ilhali karbonati iliyoivuta hewa ya leo inayo tele. Wataalamu wa Iceland walitumia kaboni hiyo kama alama ya kufuatilia gesi waliyoisukuma ardhini. Nakubali kabisa kwamba mradi wowote wa kupima mabaki Lualaba usiokuwa na kipimo hiki haufai kuaminiwa, kwa maana hauwezi kutenganisha karbonati ya jana na ya kale. Lakini kaboni-14 hujibu swali moja tu: kaboni hii imetoka wapi? Ile karbonati nyeupe ya bwawani, tuliyoona kwamba imegharimu hewa mara mbili ya inayoishika, ingefaulu mtihani wa kaboni-14 kwa alama zote, kwani kaboni yake kweli imetoka angani. Swali la mizani linabaki pale pale, na jibu lake haliko kwenye maabara ya isotopu. Limo katika stakabadhi za asidi, chokaa na oksidi ya magnesiamu. Anayetaka kujua kama tani imeondolewa lazima aifuatilie kalsiamu na magnesiamu yenyewe hadi mahali ilipofunguliwa.

Pingamizi lenye uzito zaidi linahusu yaliyopita. Hewa ukaa ya miaka ya Union Minière na Gécamines imekwisha kutoka. Kuifungua au kuifunga hesabu yake hakuirudishi. Kama rundo lililotelekezwa linaweza leo kushika hewa, kwa nini mradi wa leo utozwe deni la mabwana wa jana? Hoja hii ni ya haki, na kwa rundo lililoachwa kweli naikubali: mwanzo wa hesabu uwe leo, mradi tu ithibitishwe kuwa hewa hiyo isingeshikwa yenyewe pasipo mradi, na kwamba hakuna chokaa wala asidi mpya iliyoongezwa. Tatizo ni kwamba marundo ya Kolwezi hayajaachwa. Mabaki ya Kingamyambo na Musonoi ndiyo yanayochakatwa upya na Metalkol, inayomilikiwa na Eurasian Resources Group, ili kutoa shaba na kobalti iliyobaki, na uchakataji huo ni wa asidi. Dolomiti iliyolala humo inaguswa tena. Mahali ambapo jana inaendelea kuchimbwa, mtu hawezi kuifunga jana kwa kalamu.

Wengine watasema haya ni mambo madogo. Kongo huchimba shaba inayohitajika kwa nyaya, mitambo ya upepo na magari ya umeme. Mitambo ya Kolwezi imeendeshwa kwa umeme wa maji wa Nzilo na Nseke, kisha na laini ndefu ya umeme kutoka Inga iliyokamilika miaka ya 1980. Mbele ya faida hiyo, povu la dolomiti lina uzito gani? Lina uzito ule ule wa kitu kinachotaka kuuzwa. Tani 40,000 za Mount Keith, ambazo ulimwengu wa wataalamu unazitaja kama mfano wa mgodi mkubwa unaomeza hewa, hufutwa na asidi isiyofika tani 90,000 ikipotelea kwenye karbonati. Tanuru jipya la Kamoa-Kakula, mgodi ulioanza uzalishaji mwaka 2021 magharibi mwa Kolwezi, limepangiwa kutoa hadi takriban tani 700,000 za asidi kwa mwaka kwa ajili ya viwanda vya ukanda huu. Sehemu tu ya hiyo itakutana na dolomiti, lakini hata sehemu ndogo inalingana na ukubwa wa miradi tunayoiita mikubwa. Faida ya shaba kwa dunia nayo ina hesabu yake, na hulipwa kwa bei ya shaba. Kuiongeza kwenye hesabu ya mawe yanayomeza hewa ni kulipwa mara mbili kwa kazi moja.

Linabaki lalamiko la umaskini: kwamba masharti makali huwafungia mlango Waafrika, huku wenye maabara ghali wakichuma. Nalichukua kwa uzito, kwa sababu nchi hii imekwisha kuona mali yake ikipimwa na wengine kwa mizani yao. Lakini kipimo dhaifu hakimlindi mnyonge. Hati za kaboni zikishukiwa huanguka zote pamoja, na zikianguka, wa kwanza kupoteza ni wale ambao hawana bidhaa nyingine ya kuuza. Isitoshe, sehemu kubwa ya kipimo ninachokitaka haihitaji maabara ya mbali. Asidi hupimwa kwa tani inapovuka mpaka wa Kasumbalesa kwenye malori au inapotoka kiwandani. Chokaa hupimwa langoni. Karbonati ya mawe hupimwa katika maabara za kawaida za mgodi kabla na baada ya kuyeyusha. Wanafunzi wa jiolojia na metalojia wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi wanaweza kuikagua hesabu hiyo kama takwimu zikiwekwa wazi. Kanuni ya Madini iliyorekebishwa mwaka 2018 imekwisha kuwataka wenye migodi watenge asilimia 0.3 ya mauzo kwa maendeleo ya jamii zinazoizunguka migodi. Serikali iliyoweza kudai fedha hizo ina uwezo pia wa kudai namba za asidi.

Namba hizo zikiwekwa wazi zitaonyesha, kwa maoni yangu, kwamba nafasi kubwa ya Lualaba si katika kuuza tani zilizomezwa na mawe. Iko katika tani ambazo mawe hayajalazimishwa kuzitoa. Kutenga dolomiti kabla ya asidi, kama wahandisi wa Kolwezi walivyofanya kwa povu na mawese, kunaokoa asidi, kunapunguza chokaa, kunapunguza chumvi inayoishia katika mito kama Musonoi ambako watu huchota maji, na kunaacha hewa ya kale mahali ilipokaa tangu enzi za bahari. Kupunguza huko kusiitwe kuondoa, wala kusiuzwe kwa jina hilo, kwa kuwa anga halipokonywi kitu. Linaepushwa tu na kuongezewa. Lakini ni tani inayoweza kuthibitishwa kwa mizani ya lori na stakabadhi ya ghala, na hivi leo hakuna tani ya kaboni Lualaba iliyo rahisi kuipima kuliko hiyo. Nchi iliyotoa misalaba ya shaba, ikatoa shaba ya viwanda na sasa kobalti ya betri, ina haki ya kuingia katika biashara ya kaboni ikiwa na daftari la kurasa mbili, wa kilichotoka na wa kilichoingia, lililoandikwa na watu wake wenyewe. Mnunuzi yeyote anayekataa kuusoma ukurasa wa kwanza asiuziwe wa pili.